Makasha ya Songambele

Lori lilipoingia Songambele, vumbi lilitangulia, watu wakalifuata nyuma wakipiga makofi, na Daktari Salvina Rwegasira akasimama mlangoni mwa karakana akicheka peke yake. Alikuwa na haki ya kucheka. Miaka ya kuomba, kunyimwa, kuandika upya na kunyimwa tena ilikuwa inaishia pale, kwenye makasha ya mbao yaliyofunikwa turubai. Ndani ya makasha hayo, kwa alivyoelewa yeye na kwa alivyowaelewesha wenzake, zilikuwemo zana: mashine ya kukatia plastiki, nyuzi za kupitishia mwanga, na plastiki ghafi yenyewe. Kesho yake ulikuwa uzinduzi. Baada ya hapo vijana wa Songambele wangeanza kujenga kwa mikono yao kigunduzi cha chembe zinazoanguka kutoka angani.

Chembe hizo usizidharau kwa kuwa huzioni. Zinatupita mwilini mchana na usiku, wewe na mimi na ng'ombe zizini. Zinapenya bati, zinapenya udongo, na zile zenye nguvu zinapenya hata mwamba wa kilima. Ukizitegea plastiki ya aina yake, kila chembe inapopita hutokea kimwanga kidogo mno, na kijicho cha umeme kilichobandikwa pembeni hukiona na kukihesabu. Wanafizikia wa dunia nzima wanahangaika kutengeneza vigunduzi vilivyo bora kuliko vya jana, na wanatafuta mahali pa kuvijaribia: chini ya mwamba, penye utulivu, mbali na mitambo. Songambele mahali hapo palikuwepo.

Palikuwa handaki la zamani la madini ya bati, lililochimbwa enzi za wakoloni likaachwa, na mdomo wake ulikuwa shambani kwa mama Mukabera, nyuma ya migomba. Salvina hakuzaliwa na mambo ya mashimo. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Igurwa aliyetokea Muleba, na shimo pekee alilolijua yeye utotoni ni la choo. Aliyemshusha mle handakini kwa mara ya kwanza ni marehemu Hagenimana, mume wa Mukabera, mchimbaji ambaye wazazi wake walihamia hapa kutoka Rwanda. Ndiye aliyemfundisha desturi ya wachimbaji. Mawe yakishapandishwa juu, anayeyagawa ni yule aliyeshuka chini. Mwenye kamba, mwenye taa, hata mwenye fedha zake, anakaa mdomoni mwa shimo na kusubiri agawiwe. Tena jambo hilo haliandikwi wala haliulizwi. Ukimwuliza mwenzako mapema fungu lako litakuwa lipi, umemtukana. Umemwona mwizi kabla hajaiba.

Na hapo ndipo Salvina alipoponzeka. Maombi yake ya ufadhili aliyoandika peke yake yalikuwa yamegonga mwamba kila mara. Wafadhili wa nje walimjibu kwa adabu kwamba wazo ni zuri, ila hana mshirika mwenye uzoefu. Wa hapa nyumbani hawakumjibu kabisa. Kisha likatoka tangazo jipya: safari hii yangepokelewa maandiko ya pamoja tu, ya watu wa Ulaya na watu wa Afrika, na kila upande uwe na kiongozi mwenza. Ghafla Salvina akawa na ndugu asiowajua. Wa kwanza kumwandikia alikuwa Profesa Joachim Brandl, mtu mpole, mwenye jina kubwa katika mambo ya vigunduzi, akamwambia amesoma kazi zake na anazihusudu.

Basi Salvina akamwaga kila kitu mezani. Alituma vipimo vyake vyote vya handakini, michoro yake, na ile siri ya nta. Unyevu wa mle chini ulikuwa unaviua vile vijicho vya umeme kimoja baada ya kingine, mpaka siku alipokaa jikoni kwa Mukabera na binti wa mama huyo, Liliane, wakachemsha nta ya nyuki pamoja na masizi ya sufuria na kuipaka kwenye maungio ya paneli zake mbili ndogo, mabapa ya plastiki aliyoyaunga mwenyewe. Masizi yakazuia mwanga wa nje, nta ikazuia maji. Walicheka siku ile mpaka wakatoka machozi. Yote hayo aliyapeleka Ulaya bila kuuliza fungu lake, maana alikuwa ameshashuka shimoni, na kwa alivyofundishwa yeye hilo lilitosha.

Songambele nao hawakuuliza. Waliahidiwa kwamba paneli zitajengwa hapa, vijana watafunzwa hapa, na mradi ukiisha karakana itabaki kuwa yao. Mukabera akatoa kiwanja. Wanaume wakafyatua matofali, wanawake wakabeba maji na mchanga, msaragambo baada ya msaragambo, hadi jengo likasimama na sakafu yake ya saruji. Liliane, aliyemaliza kidato cha nne akaishia kulima vibarua, alikuwa wa kwanza kuahidiwa mafunzo, na alibeba matofali kuliko wanaume wengine ambao sitawataja, wanajijua.

Dereva wa lori, kijana anayeitwa Novatus, akatoa mtaimbo na kubandua kifuniko cha kasha la kwanza. Watu wakasogea. Salvina akatoa maboksi ya sponji, akatoa karatasi za nailoni, kisha mikono yake ikasimama.

Ndani hamkuwa na mashine. Hamkuwa na plastiki ghafi. Mlikuwa na paneli zilizokamilika, zimepangwa wima kwa ustadi, zimefungwa, zimepakwa, kila moja na waya wake tayari. Akaamuru kasha la pili lifunguliwe. Paneli. La tatu, paneli tena. Akavuta moja akaigeuza, akaona maungio yake meusi. Akakwaruza kwa ukucha, akanusa. Ilikuwa nta, na ilikuwa na masizi. Ubavuni palibandikwa nembo ya chuo cha Brandl, na chini yake maneno ya Kiingereza yaliyosema kwamba njia hii ya kuziba unyevu ilibuniwa na maabara ya chuo hicho.

Jamani, kuna kuibiwa na kuna kuibiwa ukaletewa mwizi akiwa amevaa shati lako. Salvina alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. Angekuwa mtu wa kutukana, angetukana pale pale kwa Kihaya, lugha ambayo matusi yake yameshiba.

Liliane alikuwa ameinama kando yake. Akaipapasa ile paneli polepole, akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, hizi si zimeshatengenezwa? Sasa sisi tutatengeneza nini?"

Watu wote wakamwangalia Salvina. Na Salvina, kwa aibu na kwa kutotaka kuamini alichokiona, akawaambia pengine hizi ni za mfano tu, pengine zana zinakuja kwa lori jingine. Walimwamini. Hilo ndilo lililomchoma kuliko nembo. Akamwomba Mukabera radhi kwamba hatakaa kula, akapanda gari na kushika njia ya Kayanga, ambako wageni wa uzinduzi walikuwa wamefikia.

Aliwakuta uani mwa hoteli wakinywa chai jioni ile: Profesa Brandl, na pembeni yake Profesa Placidius, mkurugenzi wa utafiti wa chuo anakofundisha Salvina, mtu wa Bukoba mwenye tumbo la heshima na kicheko cha kukodi. Salvina aliwaamkia kama inavyopasa, maana hasira haiondoi adabu, kisha akauliza zana ziko wapi.

Brandl hakukwepa, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa mtamu. Alieleza kwa upole kabisa. Wapitiaji wa andiko waliona ni hatari kujengea vigunduzi mahali pasipo na uzoefu, wakashauri ujenzi wote ufanyike kwake. Yeye alisikitika, lakini alikubali ili ufadhili usiponyoke. Kazi ya Songambele ingekuwa kutoa handaki, kulinda vifaa na kusafisha. Salvina angebaki kiongozi mwenza, cheo chake hakijaguswa, naye angesimamia mahusiano na wenyeji na kutoa mizigo forodhani. Kuhusu ile nta, alisema maabara yake ndiyo iliyoipima kitaalamu, na kwa utaratibu wao anayepima ndiye anayeandikwa.

"Lakini elewa jambo moja, Salvina," akasema, akiwa ameweka mkono kifuani. "Bila jina lako tusingeupata ufadhili huu."

Alisema kama anayempa zawadi. Haki ya Mungu, mtu alikuwa anamvika kilemba cha ukoka mchana kweupe na kusubiri ashukuriwe! Salvina akamgeukia Placidius kuuliza kama alijua. Placidius alijua. Alikuwa ameshaweka saini kwa niaba ya chuo tangu masika, na hakuona haja ya kumsumbua. Brandl alipokwenda kupokea simu, Placidius akavuta kiti karibu, akaacha Kiingereza, akasema naye kama kaka mkubwa.

"Mdogo wangu, meza tu. Wote tumemeza. Unadhani mimi nimefikaje hapa?"

Akaendelea kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwamba mradi huu ungemfanya Salvina awe profesa. Kwamba andiko lijalo wangeweka masharti yao. Kwamba watu wa kijijini hawajui tofauti ya paneli iliyojengwa na paneli iliyoletwa, wao wakiona bendera na ngoma wanaridhika. Na kwamba kesho yeye Salvina ndiye angetafsiri hotuba ya mgeni, kwa sababu wale watu wanamwamini.

Salvina aliondoka na chai yake haijaguswa. Usidhani alikuwa ameshaamua. Hasira ni jambo moja na maisha ni jambo jingine. Alijua hatapata ufadhili mwingine kama ule. Alijua kigunduzi kile, hata kikiwa cha wizi, kingempa vipimo alivyovililia tangu akiwa mwanafunzi. Angeweza kumeza. Angelala, angeamka, angetafsiri, na hakuna mtu Songambele ambaye angejua mpaka iwe imechelewa.

Uzinduzi ulifanyika mbele ya karakana. Mwenyekiti wa kijiji, bwana Clavery, alivaa koti. Wageni waliletewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, wakatafuna na kukunja uso. Makasha yalikuwa yamepangwa nyuma yao na kufunikwa kitambaa cha bluu. Brandl akasimama akahutubia, na Salvina kando yake akatafsiri.

Alianza vizuri. Mgeni alisifu mandhari, akatafsiri. Mgeni alisifu ukarimu, akatafsiri. Kisha mgeni akaanza kusema ushirikiano. Ushirikiano wa watu wa mabara mawili, ushirikiano wa walio sawa, ushirikiano utakaokuwa mfano kwa dunia. Kila Salvina alipolitoa neno lile kinywani lilizidi kuwa zito, mpaka akaomba maji. Mbele yake Liliane alikuwa amekaa kwenye benchi la kwanza, amevaa gauni lake la kanisani, anasubiri kusikia mafunzo yanaanza lini.

Hotuba ilipoisha, mwenyekiti akauliza kama kuna swali, kwa namna ya kuuliza ambayo haitaki swali. Mukabera akasimama. Akawasalimu wageni, akajifunga kanga vizuri, akasema hana maneno mengi.

"Mwanangu Salvina, mtafsirie huyu mgeni wetu. Mwulize, kwenye kazi hii walioshuka shimoni ni nani, na anayegawa ni nani?"

Salvina akalitafsiri swali kama lilivyo, na akaeleza na desturi yenyewe ili lisipotee njiani. Brandl alilipenda swali lile, akaliita la hekima. Akajibu kwa furaha kwamba wasiwe na shaka yoyote, mgao ulishapitishwa na jopo la wataalamu huko Ulaya, na kijiji kimekumbukwa: patakuwa na ajira za walinzi na wafagiaji kwa muda wote wa mradi. Kisha akamtazama Salvina atafsiri.

Placidius naye alimtazama, akakohoa kidogo. Kulikuwa na njia nyingi za kulitafsiri jibu lile. Angeweza kusema mgeni anawashukuru na anawathamini. Angeweza kusema mambo mazuri yako njiani. Salvina aliyapitisha yote hayo kichwani, na yote akayaacha.

"Anasema mgao umeshafanyika huko kwao," akasema. "Fungu letu ni kulinda na kufagia."

Watu wakaangaliana kama waliodhani hawakusikia vizuri. Salvina akaweka chini kile kikombe cha maji. Akawaambia sasa hatafsiri tena, sasa anasema lake. Akawaambia kwamba jana aliwadanganya kuhusu lori jingine, halipo wala halikuwahi kuwepo. Akavuta kitambaa cha bluu, akatoa paneli, akawaonyesha yale maungio meusi na kuwasomea kwa Kiswahili yale maneno ya Kiingereza ya ubavuni. Mukabera, ambaye sufuria yake ndiyo iliyochemshiwa ile nta, akaweka mkono mdomoni.

Hakuwaficha upande wa pili. Akawaeleza kwamba wakikataa, ufadhili unarudi ulikotoka na hakuna mwingine unaokuja nyuma yake. Karakana itabaki tupu, na yeye mwenyewe atarudi kuhesabu chembe kwa vile vipaneli vyake viwili vya kuungaunga. Wakikubali, watu kadhaa watapata mshahara wa ulinzi, na huo si wa kubeza. Handaki ni lao, uamuzi ni wao. Yeye hatawasemea tena, amewasemea vya kutosha.

Clavery alikuwa wa kwanza kupata sauti, na alisema kwa uchungu kwamba mshahara ni mshahara, kwamba wageni hawarudi mara mbili, na kwamba Daktari angekuja kwake faraghani badala ya kumvunjia shughuli. Wapo waliomuunga mkono, na usiwacheke. Mtu mwenye watoto wanaorudishwa nyumbani kwa ajili ya michango hana nafasi ya kuchagua heshima. Mabishano yakapanda, Kiswahili kikachanganyika na Kinyambo na Kinyarwanda, wageni wakawa wanageuza vichwa huku na huku.

Liliane akasimama. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu.

"Mimi matofali niliyobeba hayakuwa ya kibanda cha mlinzi," akasema, akakaa.

Mwenyekiti akaitisha mikono, na mikono iliyokataa ilikuwa mingi hivi kwamba hakuna aliyejisumbua kuihesabu. Mukabera akasema basi, mdomo wa shimo uko shambani kwake, na kuanzia leo umefungwa kwa asiyeshuka. Akamwagiza Novatus arudishe lori kinyumenyume hadi mlangoni.

Placidius alimfuata Salvina pembeni ya migomba akihema. Alimwambia amejiua mwenyewe. Amekiaibisha chuo, ametupa uprofesa, ameichafua nchi mbele ya wafadhili, na asije akamtafuta siku akihitaji saini. Salvina alimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mkubwa wake, kisha akamwambia kwamba ameshindwa kumeza, shikamoo, na kwaheri. Alijua yule mzee hasemi uongo. Nafasi ile ilikuwa imekwisha kweli, na angeililia mara nyingi baadaye, akiwa peke yake, darasani na njiani na kitandani.

Vijana walikuwa wanapandisha makasha kwenye lori, wawili wawili, bila kelele. Brandl alisimama kati yao ameshika kofia, uso umemwiva, anaonekana kweli hajui kosa lake liko wapi. Alimwendea Salvina akasema hii ni bahati mbaya sana, nia yake ilikuwa njema, na sasa kuna taarifa ya kupeleka kwa wafadhili wiki hii hii. Akamwuliza, kama kiongozi mwenza, katika taarifa hiyo waandike nini.

Salvina akalitazama kasha la mwisho likipanda.

"Waandikie kwamba tulifungua makasha yote," akasema. "Vifaa vilifika salama, havina hata mkwaruzo. Ushirikiano ndio hatukuukuta."